Pauni Moja ni Shilingi Ngapi?

Yako maswali ambayo mtu akaaye ugenini huulizwa kila anapokanyaga nyumbani, nayo hayabadiliki hata miaka ikipita. La kwanza ni kama kweli huko kuna baridi. La pili ni kama hupata ugali. La tatu, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini baada ya wageni wengine kwenda zao, ni la mshahara. Ukitaja pauni, muulizaji haishii hapo, ataongeza: "Na pauni moja ni shilingi ngapi?" Ukishamjibu, utaona midomo yake ikicheza kimya kimya. Anazidisha.

Kuzidisha huko kuna historia yake. Shilingi ya Tanzania ilipoanza kutumika mwaka 1966, shilingi 20 zilikuwa pauni moja. Nilipofika Uingereza mwaka 1997, pauni ilikuwa imekwishafika kama shilingi 1,000. Mwaka 2023 ilikuwa kwenye shilingi 3,000 hivi. Kwa hiyo kila miaka inavyokwenda, yule aliyeko ng'ambo huonekana kuwa tajiri zaidi machoni pa nduguze, hata kama mshahara wake haukuongezwa senti moja na viatu vyake ni vilevile vya mwaka juzi.

Na sisi tulioko huku tunao ugonjwa wetu, ambao ni ule ule uliogeuzwa nje ndani. Ndugu wa nyumbani huuzidisha mshahara. Mgeni wa Ulaya huzidisha bei. Kila anayefika huku hupita katika miezi hiyo ya kwanza. Huingia dukani, akashika nyanya tatu, akazidisha, akazirudisha mahali pake. Husimama kituo cha basi, akazidisha nauli, akaamua kutembea kwa miguu katika mvua ya Novemba. Mimi ni mtu wa Muheza, na kwetu chungwa huliwa kama maji yanavyonywewa. Ilinichukua muda kuzoea kulipia chungwa moja moja.

Naishi Leicester, mji wa katikati ya Uingereza. Barabara ya Belgrave, na ile ya Melton inayoendelea mbele yake, ina maduka ya Wahindi wengi ambao asili yao ni Uganda, Kenya na Tanzania. Wengine ni wale waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na watoto wao, na wajukuu wao. Katika maduka hayo muhogo huitwa "mogo", na katika mikahawa yao "mogo" wa kukaanga huandikwa kabisa kwenye orodha ya vyakula. Ni neno letu lililokatwa mguu likavuka bahari. Muhogo huo hupakwa nta ili usioze, hupimwa kwa kilo, na bei yake ingemfanya mama yangu, Mungu amrehemu, akae chini. Kwetu, kwa fedha ile, ungepata muhogo wa kulisha nyumba nzima, na kisamvu ungejichumia bure.

Hata hivyo, baada ya miaka kadhaa nilichoka kuzidisha, nikatafuta kipimo kingine. Nilianza kuhesabu saa. Nilijiuliza: mtu wa mshahara mdogo kabisa hufanya kazi muda gani ili apate kitu fulani hapa, na muda gani ili akipate kule? Nakuomba, msomaji, unifuate katika hesabu hii, maana ndiyo iliyonifungua macho.

Mwaka 2023 kima cha chini cha mshahara Uingereza kilikuwa pauni 10.42 kwa saa. Mkate wa kawaida niliununua kwa pauni 1.40, yaani dakika nane za kazi. Kuku mzima wa dukani alikuwa pauni 4 na kitu. Haifiki nusu saa. Tanzania mwaka huo kima cha chini cha mtumishi wa serikali kilikuwa shilingi 370,000 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa mwaka 2022. Ukikigawa kwa saa 45 za kila wiki, unapata kama shilingi 1,900 kwa saa, nasi tunajua kwamba wengi wasio serikalini hawafikii hapo. Mkate wa shilingi 1,500 ni dakika zaidi ya 45. Kuku wa kisasa wa shilingi 8,000 ni saa nne na zaidi. Kuku wa kienyeji tusimtaje.

Kwa hiyo anayesema kwamba Ulaya chakula ni ghali, anasema hivyo kwa sababu anazidisha. Kwa kipimo cha jasho, chakula cha huku ni rahisi mno kuliko cha kwetu. Hilo lilinishangaza, na lilinihuzunisha kidogo, kwa sababu sisi ndio wakulima.

Lakini sasa tuje kwenye nyumba. Tanga mjini, binti wa kaka yangu alikuwa amepanga chumba na sebule kwa shilingi 70,000 kwa mwezi, akilipa miezi sita kwa mpigo kama ilivyo desturi ya wenye nyumba wetu. Hizo ni kama saa 37 za yule mtu wetu wa kima cha chini. Leicester, nyumba ndogo ya chumba kimoja kwa pauni 675 ni karibu saa 65. Na hiyo ni kodi tu. Juu yake ipo kodi ya baraza la mji, ambayo kiwango chake hufuata thamani ya nyumba kama ilivyokadiriwa mwaka 1991. Ipo bili ya maji. Ipo leseni ya televisheni, ambayo mwaka 2023 ilikuwa pauni 159. Na upo moto.

Moto wa Uingereza si wa kupikia tu. Ni wa kuishi. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, bei ya gesi na umeme ilipanda, na Oktoba mwaka ule mfumuko wa bei ulifika asilimia 11.1, kiwango ambacho Waingereza hawakuwa wamekiona kwa miaka 40. Majira yale ya baridi maktaba na makanisa mengi yalifungua milango ili watu wakae humo mchana, kusudi wasiwashe moto majumbani. Nimefanya kazi ya kutunza wazee kwa zaidi ya miaka 20, na niliwaona bibi vizee wamelala na makoti. Kwetu hakuna anayelipia joto. Jua la Tanga halina bili.

Kisha nikapima kitu cha tatu, nacho ni kazi ya mikono. Zipu ya suruali ilipokatika Leicester, fundi alitaka kama pauni 12 kuibadilisha. Tanga ilikuwa shilingi 2,000. Ukizidisha, utasema fundi wa Leicester ni mwizi: shilingi 36,000 kwa zipu! Lakini ukipima kwa saa, huku ilikuwa saa moja na dakika chache, na kule ilikuwa saa moja na dakika chache. Sawa kwa sawa. Mikono ya binadamu hubadilishana saa kwa saa popote uendapo. Kinachotofautiana ni vile vitu vinavyotengenezwa na mashine, ambavyo ni rahisi kwenye mashine nyingi, na lile paa, ambalo ni ghali pale ambapo watu ni wengi, ardhi ni adimu na baridi ni kali.

Nimeieleza hesabu hii kwa urefu kwa sababu haikubaki kuwa mchezo wa akili. Mwaka 2023 ilinibidi kuitumia juu ya shamba la marehemu baba.

Binti niliyemtaja ni fundi cherehani. Ana mashine mbili, mwanafunzi mmoja, na mtoto wa kike aliyekuwa na miaka sita. Mwezi mzuri, wenye sikukuu au sare za shule, hubakiwa na shilingi 350,000. Mwezi mbaya hazifiki 150,000. Uingereza ilikuwa imefungua mlango mwezi Februari 2022 kwa wafanyakazi wa kutunza wazee kutoka nchi za nje, na habari hiyo ilifika hata Muheza. Akatokea wakala mmoja wa Dar es Salaam akamwambia kwamba atamtafutia mwajiri na kibali kwa shilingi milioni 25. Fedha hizo hakuna aliyekuwa nazo. Kilichokuwapo ni ekari mbili za michungwa alizotuachia baba, mimi na kaka yangu, na humo ndimo alimozikwa. Mnunuzi alikwishapatikana. Ilikosekana sahihi yangu.

Kaka alinipigia simu. Hesabu yake ilikuwa tayari. Mshahara uliotajwa na wakala ulikuwa pauni 20,960 kwa mwaka, na kweli ndicho kilichokuwa kima cha chini cha kibali kile. Kwa mwezi ni pauni 1,746. "Milioni tano na laki mbili!" alisema kaka. "Katika miezi mitano shamba limerudi. Wewe weka sahihi tu."

Nilimwomba anipe juma moja. Nikakaa mezani nikaandika barua, ya mkono, kama tulivyozoea zamani, nikaipiga picha nikamtumia binti mwenyewe, kwa sababu safari ilikuwa yake.

Nilimwandikia hivi. Katika pauni zile 1,746, kodi ya mapato itachukua kama 140, bima ya taifa 84, na akiba ya uzeeni kama 60. Zitakufikia mkononi 1,462 hivi. Ukitaka kukaa na mwanao, utahitaji nyumba yenye mlango wako mwenyewe: kodi 675, baraza la mji 85, gesi na umeme 110, maji 30. Nauli ya basi 60, simu na intaneti 35, televisheni 13, chakula 190, na nguo na vikorokoro 60. Jumla ni 1,258. Utabakiwa na pauni 200 na ushei, yaani shilingi 600,000. Kwa kiasi hicho milioni 25 zitarudi baada ya miezi 41, nawe kibali ulichoahidiwa ni cha miezi 36. Na bado sijamhesabu wa kumwangalia mtoto. Kazi hizi huanza saa kumi na mbili alfajiri, kabla shule haijafunguliwa, na huku bibi wa jirani hakuangalii mtoto kwa "ahsante". Saa ya mlezi hulipiwa kama saa ya fundi wa zipu.

Ukimwacha mtoto Muheza, niliendelea, ukapanga chumba katika nyumba ya watu wengi kwa pauni 450, maji na umeme vikiwa humo humo, utaweza kuweka pauni 650 kwa mwezi. Deni litakwisha kwa miezi 13, iwapo hutatuma hata shilingi nyumbani muda wote huo, hutaugua, na mwajiri atakupa saa zote alizoahidi. Wapo waliofika wakakuta saa hazipo. Na kazi nyingi za kuzungukia wazee majumbani hudai gari.

Mwisho nilimwandikia jambo ambalo wakala hakulisema. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inakataza wakala kumtoza mtu fedha kwa ajili ya kumtafutia kazi. Cheti cha udhamini hulipiwa na mwajiri. Kibali chenyewe cha hadi miaka mitatu, kwa kazi hizi za afya na utunzaji, kilikuwa pauni 247 wakati ule, na ada ya huduma ya afya wanayotozwa wageni wengine hawa hawatozwi. Ongeza nauli ya ndege, kipimo cha kifua kikuu na mtihani wa Kiingereza. Hesabu hiyo haikaribii milioni 25 hata kidogo. Nilimaliza kwa kumwambia kwamba shamba ni la baba yenu pia, na kama baada ya kusoma haya mtaamua kuuza, nitaweka sahihi. Ila nataka muuze mkiwa mmekwishaona karatasi yote, si mstari wa juu peke yake.

Kaka alijibu kwanza, kwa ujumbe mfupi: "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa." Hakuongeza neno. Methali ina ukali wake ikitoka kwa ndugu yako wa tumbo moja, mkubwa wako, aliyekubeba mgongoni kwenda zahanati.

Binti alijibu baada ya siku tatu. Alinisalimu shikamoo, akanishukuru kwa barua, akasema amesoma kila mstari mara mbili. Kisha akauliza: "Shangazi, kama ni hivyo, mbona wewe hujarudi?"

Nililala na swali hilo. Nilimjibu kesho yake, na majibu yale nayarudia hapa kwa sababu naona ndiyo nusu ya pili ya hesabu, ile isiyoandikwa na wenye kuzidisha wala wenye kupima saa.

Nilimwambia kwamba nina kisukari. Katika nchi hii mwenye kutumia dawa za kisukari hapewi bili ya dawa, na daktari hamwulizi fedha mlangoni. Wanangu wawili walisoma hapa, shule haikuwahi kuwarudisha kwa ajili ya ada. Nyumbani tumepiga hatua: ada ya shule za sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa Januari 2016, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikafuata. Lakini ugonjwa mmoja bado unaweza kuiangusha nyumba iliyojengwa kwa miaka 20. Nimekuwa nikituma fedha kwa miaka mingi, na nikitazama nyuma, fungu kubwa halikwenda kwenye chakula wala kodi. Lilikwenda hospitali. Kwa hiyo nchi ambayo kuku wake ni rahisi na nyumba yake ni ghali, kwangu mimi kilichonishika humo si kuku wala nyumba. Ni kulala usiku bila kuogopa kuugua.

Nikamwambia pia kile ninacholipa kwa usingizi huo. Mazishi ya mama niliyasikia kwa simu. Katika mtaa wangu nimekaa miaka kumi na minne, na jirani wa kushoto simjui jina. Nyumbani tunalalamika juu ya michango: harusi, kitchen party, msiba, ubarikio, maulidi, kila mwezi kadi mpya. Nami nililalamika. Lakini mchango ni bima ya watu wasio na bima. Unalipia msiba wa mwenzio, naye siku yako anakuja na jamvi, na sufuria, na watu wa kuchimba kaburi. Huku kaburi lina bei yake, na jamvi halipo.

"Sikuambii usije," nilimwandikia. "Nakuambia unachonunua na unachouza."

Hawakuuza. Ningependa kusema kwamba ni kwa sababu ya barua yangu, lakini ukweli ni kwamba mnunuzi alishusha bei wakati familia ikibishana, kaka akakasirika akamfukuza. Miezi michache baadaye simu ya wakala yule haikupatikana tena. Machi 2024 Uingereza iliwazuia watunza wazee wapya kuja na wenzi wao au watoto, na Julai 22, 2025 mlango wenyewe ulifungwa kwa wanaoomba wakiwa nje ya nchi. Serikali yao ilikwisha kufuta leseni za mamia ya waajiri wa sekta ile, na wafanyakazi wengi waliolipa mamilioni wakabaki wakitafuta mwajiri mwingine kabla kibali hakijaisha. Baadhi yao wamekaa jikoni kwangu.

Pamoja na hayo, kaka hajashawishika. Juzi tu aliniambia: "Angekuja mwaka ule, leo angekuwa ndani." Huenda. Wapo waliokuja mwaka ule, wakapata mwajiri mwema, wakalipa deni, na sasa wamejenga. Hesabu niliyomwandikia binti ilikuwa sahihi kwa tarakimu zake, lakini tarakimu hazijui bahati ya mtu. Yeye mwenyewe sasa ana mashine tatu, na anashona sare za shule mbili. Bei ya uzi imepanda, ya umeme anailalamikia, na mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika alikunywa chai kavu kama wengine. Sijamsikia akisema amefurahi kubaki. Sijamsikia akijuta pia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiulizwa na kijana kama maisha ni ghali zaidi nyumbani au ng'ambo, usimpe jibu la neno moja. Mwulize kwanza anataka kununua nini. Kama ni kuku, simu na viatu, ng'ambo ni rahisi. Kama ni paa, na mtu wa kumshikia mtoto, na watu wa kumzika mama yake, nyumbani ni rahisi, tena pengine ni bure. Kama ni dawa, mwambie ukweli, hata kama ukweli huo unatuaibisha sisi wa nyumbani. Kisha mpe karatasi na kalamu aandike mwenyewe, mistari yote, kuanzia kodi mpaka nauli ya basi. Michungwa ya baba bado ipo, na msimu uliopita ilizaa vizuri. Gunia liliuzwa kwa bei ya kutupa, kama kawaida ya machungwa ya Muheza yanapoiva yote kwa pamoja.